Mifuko Ishirini na Tisa ya Mchanga

Mabibo, Dar es Salaam
8 Aprili 2024

Baba Dorcas,

Nilifika juzi, mgongo umechoka lakini mzima. Chumba tuko wanawake watatu, na chakula cha hapa ni wali na maharage kila siku ya Mungu. Mwambie mtoto nimeona twiga wa kuchora ukutani, wa kweli bado.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu tulikubaliana pale stendi: simu ni ya salamu, mambo ya kazi ni ya karatasi. Kwenye simu wewe ukikasirika unanyamaza, na mimi nikinyamaziwa napandisha sauti mpaka watu wanaulizana kuna nini. Barua anakuletea Obedi wa basi la Dar. Ukijibu, mpe huyohuyo.

Kazi unaijua, ila niiandike tusije tukapishana. Ushirika wetu unanunua mabasi sita ya njia ya Mkolani hadi Mirongo, pamoja na ule mchepuko wa vumbi unaopanda mlimani kwa kina dada Getruda. Mzee Shimba na kamati yake wanataka kujua wachukue mepesi, yaani kosta za abiria ishirini na tisa, au mazito kama Kifaru chako, yaliyojengwa juu ya chasi ya lori. Mimi katibu wao ndiye naandika ripoti, na chuo kimekubali ripoti hiyo iwe kazi yangu ya mwisho ya mafunzo haya. Nikikosea nitakuwa nimekosea sehemu mbili kwa mpigo, na cheo cha meneja wa njia nilichoahidiwa nikisahau.

Muuzaji anatuazima kosta moja kwa wiki mbili. Naomba uiendeshe wewe. Badala ya abiria, weka mchanga. Mfuko wa saruji ukijazwa mchanga mkavu unafika kilo sitini na tano, tumeupima hapa kwenye mizani, na hiyo ni sawa na mtu mzima na kikapu chake. Mifuko ishirini na tisa kwenye kosta, hamsini na miwili kwenye Kifaru. Safari kumi kila gari, njia ileile. Andika mafuta, muda, breki, klachi, springi, chochote kitakachoumia.

Darasani kuna mtu wa kwetu Bukoba anaitwa Kamugisha. Huyo Kamugisha amesimamia mabasi Kagera miaka kumi na minne, hakuna anachouliza mwalimu asichokijua. Kamugisha anasema kwa njia fupi za mjini gari jepesi halina mpinzani. Sisi tunaona hata ile kona ya mlimani, ambako Kifaru hakigeuki, itakuwa rahisi. Lakini Kamugisha hajaiona Mkolani, ndiyo maana nataka vipimo vya kwako.

Leonsia


Mkolani, Mwanza
13 Aprili 2024

Mama Dorcas,

Barua nimepata. Obedi alinikabidhi mbele ya makonda, wakasema mke wangu ananiandikia kama afisa elimu anavyowaandikia walimu wakuu. Nimewaacha wacheke.

Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilisoma kazi. Mara ya pili nilisoma jina la huyo mtu wa Bukoba. Mara ya tatu nilihesabu. Umemtaja mara nne. Mtoto umemtaja mara moja. Mimi Masele simo kabisa, nipo Baba Dorcas tu pale juu, kama anwani.

Halafu umeandika "sisi tunaona". Sisi ni nani? Umekaa Dar siku mbili, tayari kuna sisi. Mimi na wewe tuna miaka kumi na mmoja na sijawahi kukusikia ukisema sisi tunaona kuhusu gari. Ulikuwa unasema, Masele, wewe unaonaje.

Basi mimi naonaje, hata kama hukuuliza. Gari jepesi ni zuri kwenye lami ya mabosi. Mkolani mvua ikinyesha, lile vumbi linakuwa uji, na mashimo yanafunikwa maji huyaoni mpaka umeingia. Abiria wetu wanapanda na magunia, mabeseni, na mbuzi kama konda hajaangalia. Gari linalotikisika mama akikaa upande mmoja si gari, ni kiti cha plastiki. Kifaru ukikipakia kinatulia. Wewe mwenyewe ulikuwa unakipanda kila asubuhi kwenda ofisini Mirongo, unakaa kiti cha mbele, na hukulalamika kwamba ni kizito. Ulisema unajisikia salama. Labda siku hizi salama haina thamani.

Nitapima, kwa kuwa umeniomba. Lakini nijibu jambo moja. Huyo mtu ana mke?

Dorcas anakusalimia. Ameshika nafasi ya nne darasani.

Masele


Mabibo, Dar es Salaam
20 Aprili 2024

Mume wangu Masele, Masele, Masele, Masele,

Hizo ni nne. Sasa mko sare, tuendelee na kazi.

Kusema kweli nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikacheka tena. Wenzangu wa chumbani wanasema Msukuma akipenda anapenda na hesabu. Nimewaambia hesabu za gari anaziweza zaidi.

Ana mke, anaitwa Noela, ni nesi. Umeridhika? Najua hujaridhika, kwa hiyo nikuambie mwenyewe kabla Obedi hajakuambia: wiki hii Kamugisha aliletewa senene, wale panzi wetu wa kukaanga, kutoka nyumbani, akagawa darasa zima, na mimi nikapewa bakuli langu. Nimekula zote. Umekaa na mimi miaka yote hii, unajua senene kwangu ni nini.

Habari nyingine si ya kucheka. Kamugisha ana daftari la vipimo vya kosta, miaka mitatu, njia yenye milima kuliko yetu. Alinipa nilitumie kwenye ripoti, kila kitu kimo, nisingehitaji hata kukusumbua. Nimemrudishia bila kulifungua. Nilimwambia nitatumia vipimo vya mume wangu peke yake. Aliniangalia kama mtu aliyekataa mwavuli mvua inanyesha. Mwalimu naye alishangaa. Nilifanya hivyo kwa ajili yako, ili kesho usije ukasema ripoti ya Mkolani imeandikwa na mtu wa Bukoba. Kwa hiyo sasa sina kingine cha kuegemea, nina wewe tu.

Na mimi nikuulize. Kifaru unakiosha kila Jumapili kabla ya kanisa, unakisemesha, na mwaka jana kilipoharibika gia ulikataa kula. Mimi nilipolazwa na malaria ulikula ugali bakuli zima, dada Getruda shahidi. Je, mimi nimewahi kukuhesabia?

Mchanga uwe mkavu. Nasisitiza hilo.

Leonsia wako


Mkolani, Mwanza
4 Mei 2024

Mama Dorcas,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na kazi yako.

Kwanza hizo senene. Nimemuuliza fundi wetu wa gereji, ni Mhaya wa Muleba. Amesema kwenu zamani mke ndiye aliyemkusanyia mume senene, na mume akamnunulia mke nguo mpya. Kwa maana hiyo senene si karanga, haziendi kwa mtu yeyote anayepita. Sasa mwanaume anayempa mke wa mtu senene, anasubiri kupewa nini? Fundi alicheka sana, mimi sikucheka. Unaniambia aligawa darasa zima. Mtu mjanja akitaka kumpa mmoja anagawa wote.

Sasa vipimo. Karatasi nimeambatanisha, nimeandika kwa mkono wangu na Mzee Shimba ametia sahihi kwamba ameona mifuko ishirini na tisa ikipakiwa. Alihesabu mmoja mmoja.

Kosta safari ya kwanza ilikwenda. Ya pili ikaanza kuhema mlimani. Ya nne klachi ikanuka, abiria wa kweli wangeruka madirishani. Ya sita jani la springi la nyuma kulia likakatika palepale kwenye kona. Tukaisukuma pembeni, watu wa mlimani wamekaa barazani wanatutazama kama sinema. Safari nne zilizobaki hazikufanyika, gari liko gereji.

Kifaru safari kumi, mifuko hamsini na miwili, hakijakohoa. Kinakunywa mafuta zaidi, sikatai, na kwenye kona ya mlimani hakigeuki, kilirudi kinyumenyume kama kawaida. Lakini kipo.

Huo ndio ukweli wa barabara yetu. Mpelekee bwana wa madaftari. Mwambie Mkolani si Bukoba, na dereva wa Mkolani hakusoma lakini ana macho.

Nilipokuwa naandika karatasi hizi nilijisikia vizuri kuliko siku zote tangu uondoke.

Masele


Mabibo, Dar es Salaam
11 Mei 2024

Mume wangu,

Karatasi nimezipata, na nimezisoma nikiwa nimesimama.

Nisikufiche, zimeniumiza. Nilitaka kosta zishinde. Si kwa ajili ya Kamugisha, ni kwa ajili ya mlima. Mazito yakinunuliwa, ule mchepuko lazima ufutwe, kwa sababu mabasi sita hayawezi kuwa yanarudi kinyumenyume kwenye kona ile kutwa nzima, yataua mtu. Dada Getruda na wenzake watashuka kwa miguu na mabeseni yao ya dagaa kichwani mpaka lami. Magoti yake unayajua. Lakini ripoti haiandikwi kwa huruma. Springi imekatika, imekatika. Nimeandika kwamba ushirika uchukue mazito na mchepuko wa mlimani usitishwe, na muhtasari nimemtumia Mzee Shimba ili awaandae wanachama.

Juzi niliwasilisha darasani. Kamugisha aliinua mkono. Alisema kosta haivunjiki springi kwa watu ishirini na tisa, labda mzigo haukuwa ule ulioandikwa. Alisema kwa adabu, lakini alisema mbele ya wote, na mwalimu akaniuliza kama nina uhakika na aliyepima. Nilijibu. Sitakuandikia nilivyojibu, ukiyajua maneno yenyewe utavimba kichwa, lakini Kamugisha aliomba radhi palepale.

Ripoti inapokelewa rasmi tarehe ishirini na nne. Kabla ya siku hiyo mwalimu anataka maelezo mafupi ya namna mchanga ulivyopatikana: ulitoka wapi, ulikaushwaje, mifuko ilijazwa kiasi gani. Niandikie mistari michache tu, kwa mkono wako. Hata kama kuna kitu kidogo hakikwenda sawa, mvua labda, bado kuna muda wa kurekebisha na hakuna atakayekulaumu. Niambie tu.

Leonsia


Mkolani, Mwanza
15 Mei 2024

Mama Dorcas,

Mchanga ulitoka ufukweni kama mchanga wote wa Mwanza. Ulikaushwa juani. Mifuko ilijaa.

Nani anauliza, mwalimu au yule aliyeinua mkono? Kama ni yeye, mwambie aje apime mwenyewe, barabara ipo.

Sina zaidi. Tunaendelea vizuri.

Masele


Mkolani Mlimani
18 Mei 2024

Wifi Leonsia,

Marahaba ya salamu zako za simu, na pole na masomo. Mimi barua si kazi yangu, hii ananiandikia Tereza wa jirani, ninasema naye anaandika, kwa hiyo kama kuna maneno makali ujue ni yangu si yake.

Mzee Shimba amekuja kutuambia basi haliji tena huku juu, kwamba ripoti yako imesema yanunuliwe makubwa. Wifi, sikukatalii kazi yako, umesoma na unajua. Lakini mimi basi lisipokuja nashuka kwa miguu na beseni saa kumi na moja alfajiri ili niwahi Mirongo, na lile jiwe la kwenye kona likilowa linateleza mno. Mama Rebeka alianguka hapo mwezi wa tatu na mkono mpaka leo haufungi kanga. Tulivyoiona ile basi ndogo inapanda siku ya kwanza tulipiga vigelegele. Ikageuka pale kwenye kona mara moja, hivi hivi, bila kurudi nyuma. Mimi nikasema Mungu amekumbuka mlima.

Halafu eti imevunjika kwa uzito. Sasa mimi nashangaa, kwa nini kaka alipima na mifuko ya maji? Nilikuja kwako kumletea Dorcas maziwa nikamkuta nyuma ya nyumba ameshika mpira, anaimwagilia mifuko ya mchanga mmoja baada ya mwingine, halafu anaishindilia kwa mchi wangu wa kisamvu ambao mpaka leo hajaurudisha. Nikamwuliza, kaka, unaotesha mchicha? Akasema ndivyo wifi yako alivyoagiza kutoka Dar.

Kama ndivyo ulivyoagiza mimi sina neno, wewe ndiye unajua vipimo. Ila naomba ufikirie tena, abiria gani wa huku analowa kiasi kile?

Wako wifi,
Getruda (kwa mkono wa Tereza)


Mabibo, Dar es Salaam
23 Mei 2024

Masele,

Dada yako ameniandikia. Usimgombeze, hakujua anachosema. Alikuwa anauliza tu kwa nini niliagiza mifuko ilowekwe.

Niliisoma barua yake nikiwa kwenye foleni ya chakula. Nilirudi chumbani na sahani tupu.

Sijui niseme nini kwanza. Umenidanganya mara mbili. Mara ya kwanza kwa mchanga, na hiyo ningeweza kuisamehe, mtu ana wivu, anafanya kitu cha kipumbavu na mpira wa maji mkononi. Mara ya pili nilikuuliza. Nilikuuliza vizuri, nikakuwekea na mlango wa kutokea, nikakuandikia na neno mvua ulitumie ukitaka. Ukaniandikia mistari mitatu. Ulikaushwa juani. Uliandika hivyo kwa mkono wako nami nikaupeleka mkono wako kwa mwalimu.

Nilikataa daftari la miaka mitatu kwa ajili yako. Unaelewa nilichokataa? Ningeweza kumaliza ripoti bila wewe. Nilikuchagua wewe, na wewe ulikuwa nyuma ya nyumba unashindilia.

Na ulikuwa unashindana na nani? Mtu ambaye sijawahi kukaa naye meza moja. Bakuli moja la senene. Kwa bakuli hilo ungeacha wanawake wa mlimani washuke kwenye jiwe lile miaka kumi ijayo, na dada yako wa damu akiwa mbele yao. Mimi niliona wivu wako ni wa kunipenda, nikawa najivunia kidogo, nakiri. Sasa naona haukuwa na habari na mimi kabisa. Ulitaka Kifaru kishinde na wewe ushinde nacho.

Nimefanya hivi. Asubuhi nimeiondoa ripoti. Mwalimu nimemwambia vipimo vina kasoro na kasoro ni yangu kwa kutosimamia. Mzee Shimba nimemwambia hivyohivyo. Jina lako sikulitaja, na sikufanya hivyo kwa wema, nilishindwa kulitamka. Chuo kimenipa wiki sita zaidi. Cheti cha Juni sitapata na wenzangu, na umeneja kamati itaamua yenyewe kama bado wananitaka.

Kosta nyingine haipatikani Mwanza, mliyoazimwa mmeiua. Kwa hiyo Jumatatu ya tarehe tatu Juni nitapanda basi kwenda Bukoba. Kamugisha amekubali nipime kwenye njia aliyoisimamia, na yeye mwenyewe atakuwepo wiki tatu kunionyesha. Sikuombi ruhusa. Usinipigie simu, sitapokea, na Dorcas nitampigia kupitia kwa dada.

Leonsia


Mkolani, Mwanza
30 Mei 2024

Leonsia,

Obedi ameahidi kukupa hii kabla hujaondoka.

Sina cha kubisha. Nililoweka mifuko, nikaishindilia, na Mzee Shimba alipokuja kuhesabu alihesabu mifuko, hakunyanyua hata mmoja. Kwa Kifaru nilitumia mchanga mkavu. Kuna jambo jingine ambalo Getruda hakuliona na hakuna anayelijua, kwa hiyo nalisema mimi. Hata kwa maji yale kosta ilikuwa inapanda. Safari ya tatu ilipanda vizuri tu, nikaona nitashindwa. Ndipo kwenye mlima nikawa nailalia klachi kusudi, naishikilia gari isimame bila breki mpaka klachi ikanuka. Kisha nikaiingiza gurudumu la nyuma kwenye lile shimo la kwenye kona, najua lilipo kama ninavyojua mlango wa nyumba yangu. Hakuna mzigo uliovunja ile springi. Niliivunja mimi. Gari ilikuwa nzuri, Leonsia. Ilikuwa nyepesi mkononi, inasikia usukani, na nilichukia kila inapogeuka.

Jumapili baada ya kanisa kulikuwa na mkutano wa ushirika. Wanachama arobaini na kitu. Mzee Shimba alianza kusema katibu amekiri uzembe wake, na watu wakaanza kuguna kwamba hiyo ndiyo faida ya kumpa mwanamke kazi ya magari. Nilikaa nikawasikiliza dakika nzima. Sitakuficha dakika hiyo, nilikaa. Kisha nikasimama nikawaambia yote, mpaka la klachi. Walinizomea, na mmoja akanirushia kofia. Kifaru nimenyang'anywa mpaka mwisho wa mwaka, amepewa Shabani wa zamu ya jioni. Kosta naitengeneza mwenyewe kwa mikono yangu, kila siku gereji. Umeneja wako wameacha wazi mpaka ripoti mpya. Getruda hasemi na mimi, ila mchi alikuja kuuchukua.

Hilo la mkutano lilikuwa jepesi. Nilijua nini kimebaki, na nilikikwepa siku tatu.

Namba ya Kamugisha ninayo tangu Aprili. Nilimwomba Obedi anitafutie. Sikuwahi kuipiga, nilikuwa naifungua tu na kuiangalia nikiwa kwenye foleni ya abiria, kama mtu anayegusa jino bovu. Jana mchana nilikaa ndani ya kosta gereji nikafunga madirisha, nikapiga. Nilimwambia jina langu. Nilimwambia mchanga ulikuwa wa maji, klachi niliiunguza, springi niliivunja, na mke wangu hakukosea popote, kwa hiyo mkifika Bukoba asimfundishe kama mtu asiyejua kazi. Nilimwambia pia sababu. Nilidhani atacheka. Afadhali angecheka, ningepata cha kumchukia.

Alisema pole. Halafu akaniambia neno ambalo wewe ulikataa kuniandikia. Alisema siku ile darasani, mwalimu alipokuuliza kama una uhakika na aliyepima, ulisimama ukasema, "Mume wangu ana wivu, kila mtu Mwanza anajua. Lakini si mwongo."

Akasema alikuomba radhi kwa sababu hakuwahi kusikia mtu akisemewa hivyo na mkewe. Nikamshukuru, nikakata.

Ulikuwa unanijua nilivyo, na wivu wangu ukiwemo, na bado ulisimama. Mimi nilikuwa natafuta kwenye barua zako umenitaja mara ngapi.

Nenda Bukoba. Ukae wiki tatu, au nne kama kazi inataka. Bado nina wivu, Leonsia, ninao hapa ninapoandika, na kila siku ya hizo wiki tatu nitakuwa nao. Nakuambia kwa sababu sitaki tena kukudanganya, hata katika hilo.

Masele